Kura, Sera na Mtaji: Nani Husikika Serikalini Afrika Mashariki

Katika nchi yoyote yenye uchaguzi na soko, serikali hulazimika kuyasikiliza makundi mawili ambayo nguvu zao hazitoki mahali pamoja. Kundi la kwanza ni la wapiga kura, ambao huiweka serikali madarakani kwa kanuni ya kura moja kwa kila mtu. La pili ni la wenye mtaji, ambao hawaiweki madarakani kwa wingi wao, lakini maamuzi yao ya kuwekeza, kuajiri, kuagiza bidhaa au kufunga kiwanda ndiyo yanayoamua kama serikali hiyo itakuwa na kodi ya kukusanya na ajira za kuonyesha uchaguzi mwingine utakapofika. Sera, kwa maana ya maamuzi ya serikali kuhusu nani atozwe nini, nani aruhusiwe kufanya nini na fedha za umma zitumikeje, ni mahali ambapo madai ya makundi hayo hukutana, na mara nyingi hukutana kwa kugongana.

Wanazuoni wamelieleza jambo hili kwa njia mbalimbali. Charles Lindblom, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu siasa na masoko, alionyesha kwamba wafanyabiashara wana nafasi ya upendeleo hata pasipo kutoa rushwa wala kufanya ushawishi, kwa kuwa serikali yoyote huogopa mtaji usije ukahama au ukalala. Mancur Olson naye, katika kazi yake ya 1965, alieleza kwa nini kundi dogo lenye maslahi makubwa hujipanga kwa urahisi kuliko kundi kubwa ambalo kila mmoja wake hupoteza kidogo: waagizaji kumi wa sukari wanaweza kukutana katika chumba kimoja na kukubaliana la kumwambia waziri, ilhali mamilioni ya wanywa chai hawana chumba hicho. Hoja hizi mbili zinaeleza mengi ya Afrika Mashariki, lakini zinaacha swali moja linalostahili uzito zaidi kuliko linavyopewa, nalo ni hili: sera inapokuwa mbaya, je, kuna njia ya kuitambua na kuirekebisha kabla haijaharibu maisha ya watu? Uchambuzi huu unashikilia kwamba thamani kubwa ya demokrasia kwa biashara, hasa biashara ndogo, haiko katika kuzaa sera sahihi, kwani haizai sera sahihi kila mara, bali katika kuyafanya makosa yaonekane na yasahihishike. Na kwamba thamani hiyo hupotea pale gharama za uchaguzi zinapolipwa na watu ambao mpiga kura hawajui.

Tanzania ilijaribu mapema kulimaliza tatizo hili kwa kutenganisha kabisa uongozi na mali. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliweka masharti ambayo kiongozi wa chama tawala cha TANU au wa serikali alipaswa kuyatimiza: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Siku chache baadaye mabenki, viwanda kadhaa na makampuni makubwa ya biashara yakataifishwa. Nia ya masharti hayo ilikuwa njema na bado inastahili heshima, kwa sababu walioyaandika waliiona hatari kabla haijaota mizizi. Hata hivyo mwanazuoni Issa Shivji alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba kutaifisha mali hakukuondoa tabaka lenye nguvu za uchumi, bali kulizaa jingine la wakuu wa mashirika ya umma na watendaji wa serikali, ambao hawakumiliki viwanda kwa hati lakini walivitawala kwa vyeo, na ambao mkulima wa pamba au kahawa hakuwa na njia ya kuwaondoa, kwa kuwa vyama vyake vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na uchaguzi wa chama kimoja haukumpa mpinzani wa kumchagua.

Mambo yaligeuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Baada ya uhaba mkali wa bidhaa na kampeni ya 1983 ya kuwakamata waliodaiwa kuwa wahujumu uchumi, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 kulegeza udhibiti wa biashara ya nje, bei na fedha za kigeni. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, katika kikao cha Zanzibar, ikalegeza masharti ya uongozi yaliyotokana na Azimio la Arusha, hivyo kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kuwa na shughuli zake binafsi. Uamuzi huo ulifanywa ndani ya vikao vya chama bila mjadala mpana wa wananchi. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka uliofuata, Julai 1992, kwa pendekezo la Tume ya Jaji Francis Nyalali, ambayo iliushauri hata baada ya kukuta kwamba takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee.

Mpangilio huo wa matukio haujapewa uzito unaostahili. Mlango wa kiongozi kuingia katika biashara ulifunguliwa kabla ya mlango wa mpiga kura kumwondoa kiongozi, na yote mawili yakatokea wakati utajiri mpya ulikuwa ukipatikana kwa maamuzi ya serikali yenyewe: nani anunue kiwanda kinachobinafsishwa, nani apewe leseni ya benki au kitalu cha uwindaji, nani asamehewe ushuru bandarini. Uchaguzi wa ushindani ulipokuja mwaka 1995, vyama vilihitaji magari, fulana, kanga na posho kuliko wakati wowote, na waliokuwa na uwezo wa kuvigharimia ni wale wale waliokuwa wakisubiri saini ya waziri.

Sheria ilifuata desturi hiyo badala ya kuizuia. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa kampeni, na ilipofika 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na asasi za haki za binadamu na mazingira, ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na fedha na vilifungua njia ya rushwa. Katika mwaka wa fedha 2005/06, uliobeba uchaguzi mkuu, shilingi bilioni 133 zilichotwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, maarufu kwa jina la EPA, na ukaribu huo wa nyakati ulizusha maswali ambayo umma haukupata njia ya kuyajibu. Kenya nayo ilikuwa imepita huko: kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya shilingi yalilipwa kama motisha kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo, ilishamiri katika miaka ile ile ya kuelekea na kufuatia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Desemba 1992. Tanzania ilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010 na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2013, lakini wabunge wa Kenya waliahirisha utekelezaji wa sheria yao kabla ya uchaguzi wa 2017, na kabla ya ule wa 2022 wakazikataa kanuni za kuweka ukomo wa matumizi. Wanaotakiwa kufungwa na sheria ndio wanaoitunga, na huu ni udhaifu ambao tume ya uchaguzi peke yake haiwezi kuutibu.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya ushawishi wa matajiri ni kiongozi mwenye nguvu anayetoa amri kwa niaba ya wanyonge. Zao la korosho linaonyesha kwa karibu kwa nini dhana hiyo haitoshi. Tangu 2007 korosho za Mtwara na mikoa jirani huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, ukapimwa na kupangwa madaraja, ukahifadhiwa ghalani, naye akabaki na stakabadhi huku wanunuzi wakishindana kwa zabuni katika mnada. Zabuni zinaposomwa, wakulima waliokusanyika ndio wanaokubali au kukataa bei. Mfumo huo una kasoro zake, yakiwamo makato mengi na malipo yanayochelewa, lakini ulikusudiwa kumkinga mkulima dhidi ya kangomba, yaani ulanguzi wa kununua korosho kijijini kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla hata ya mavuno, kutoka kwa mtu mwenye shida ya ada au ya chakula.

Msukosuko ulianzia kwenye sera ya kodi. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru, na asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ikirudishwa kuliendeleza zao lenyewe, ikiwa ni pamoja na kununulia pembejeo kama salfa ya kupulizia mikorosho. Juni 2018 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya kuziingiza fedha zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini, wakiwamo wa chama tawala, walipinga kwa nguvu na wakashindwa. Msimu ulipofunguliwa Oktoba, bei ya dunia ilikuwa imeshuka, wanunuzi wakatoa bei zilizo chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na wakulima wa Tandahimba na Newala, ambao msimu uliotangulia walikuwa wameona bei ya karibu 4,000, wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara, akaivunja bodi ya korosho, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na akaliagiza jeshi kuzisomba.

Nia ya kumwokoa mkulima haina sababu ya kutiliwa shaka, na wengi wa wakulima walishangilia. Lakini serikali iliyojifanya mnunuzi pekee ilijikuta na kazi ambayo haikuwa imejiandaa kuifanya. Ilibidi ihakiki kila mkulima ili isiwalipe wafanyabiashara wa kangomba, na uhakiki huo ukawachelewesha wakulima halali hadi ndani ya mwaka 2019, wakati msimu wa kupalilia na kupulizia ukiwakuta hawana fedha. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ukavunjika. Wanunuzi wa kawaida wakatafuta korosho kwingine. Mnada ulirudi msimu uliofuata. Kilichopotea katikati si fedha tu. Amri hiyo, kwa kuifunga minada, iliondoa mahali pekee ambapo mkulima alikuwa na uwezo halisi wa kusema hapana, na ilitoka katika mazingira ambayo mbunge wake alikwisha kunyamazishwa miezi michache nyuma. Mwenye mtaji mkubwa alihamia soko jingine. Mkulima hakuwa na pa kuhamia.

Kosa linalofanana na hilo kwa nia lilifanyika Kenya, ila kwa njia tofauti. Wakenya walikuwa wamelalamikia riba za mabenki kwa miaka mingi, na jaribio la kuziwekea ukomo lilikuwapo tangu mwaka 2000. Agosti 2016, ikiwa imebaki takribani miezi 12 kufika uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyotokana na mswada wa mbunge Jude Njomo, ambayo ilizuia riba ya mikopo kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Benki Kuu yenyewe na wizara ya fedha hazikuipenda, mabenki yaliipinga, lakini umma uliishangilia. Huu ni mfano safi wa kura kuushinda mtaji.

Ushindi huo haukumfikia aliyekusudiwa. Benki isiyoruhusiwa kumtoza mkopaji mwenye hatari kubwa riba inayolingana na hatari hiyo humnyima mkopo, kisha huipeleka fedha yake kwenye hati fungani na dhamana za muda mfupi za serikali, ambazo hazina hatari ya namna hiyo. Ndivyo ilivyokuwa: ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi katika mwaka 2017 ulishuka chini ya asilimia 5, serikali ikakopa kwa urahisi, na mwenye duka au karakana akaelekea kwenye mikopo ya simu ambayo gharama yake, ikihesabiwa kwa mwaka, ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya benki aliyokuwa akiilalamikia. Mpiga kura alipata sheria aliyoitaka na akakosa mkopo alioutafuta.

Tofauti na korosho iko katika kilichofuata. Kwa kuwa ilikuwa sheria ya Bunge na si tamko, ilikuwa na maandishi yanayoweza kupingwa, takwimu zinazotolewa kwa ratiba na watu waliokuwa huru kuzijadili. Benki Kuu ilichapisha tathmini yake mwaka 2018. Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu husika kilikuwa na utata unaokiuka katiba, ikawapa wabunge muda wa kukirekebisha. Oktoba Rais akakataa kutia saini mswada wa fedha mpaka ukomo huo uondolewe, na wabunge waliotaka kumpinga wakakosa theluthi mbili. Mapema Novemba 2019 ukomo ulikuwa umeondoka. Ni kweli kwamba mabenki yalikuwa na mawakili na sauti kubwa katika safari hiyo kuliko mama wa kibandani, na asiyelisema hilo atakuwa anaipamba Kenya. Lakini kila hatua ilifanyika hadharani, ikiwa na sababu zilizoandikwa, na miaka mitatu ni muda mfupi kwa kosa la ukubwa huo.

Tozo ya miamala ya simu nchini Tanzania iko kati ya mifano hiyo miwili. Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni za simu, na ilipitishwa na Bunge ambalo baada ya uchaguzi wa 2020 viti vyake vya majimbo karibu vyote vilikuwa vya chama kimoja. Bunge la namna hiyo halikuwa na wa kuuliza kwa niaba ya wakala wa mtaani itakuwaje mteja akirudi kubeba fedha taslimu mfukoni. Swali hilo liliulizwa baada ya sheria kuanza kutumika, na wananchi wenyewe, kwa kupunguza kutuma fedha na kwa malalamiko yaliyoenea kila mahali. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena mwaka 2022. Serikali ilisikia, na kusikia huko ni jambo la kushukuru, ila ilisikia baada ya mawakala wengi kupoteza kamisheni, kwa kuwa chombo kilichowekwa kusikia kabla hakikuwa na masikio ya kutosha.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, linaonyesha upande mwingine wa hoja ya Olson, kwa sababu huko waliojipanga ni wengi na wa kati. Wafanyabiashara wa Tanzania wenye makampuni makubwa wana vyombo vyao: wenye viwanda wana shirikisho lao, sekta binafsi ina taasisi yake mwamvuli, na Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa mwaka 2001, huwakutanisha na serikali chini ya uenyekiti wa Rais. Mwenye fremu ya vitenge anayewauzia wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura hayumo katika mikutano hiyo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakipinga vikosi kazi vya kodi, utaratibu wa kusajili stoo na kamatakamata ya wateja kwa ajili ya risiti, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza kwa saa nyingi katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, kwa malalamiko yaliyofanana na yale ya awali. Mgomo uliojirudia baada ya mwaka mmoja unaonyesha kwamba kikao cha dharura kilitumika mahali pa utaratibu wa kudumu. Kenya, kwa kiwango kikubwa na cha uchungu zaidi, iliona jambo hilo hilo tarehe 25 Juni 2024: katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe katika kutunga sheria, maoni yalipokelewa, mengi yakapuuzwa, na mswada wa fedha ukaja kuondolewa baada ya vijana kuingia katika majengo ya Bunge na baadhi ya waandamanaji kuuawa kwa risasi.

Kuna hoja nzito inayopingana na haya yote, nayo hutolewa na wafanyabiashara wengi faraghani: kwamba mtaji hauhitaji demokrasia bali utulivu na sera isiyoyumba, na kwamba Rwanda, ambako chama tawala chenyewe kinamiliki kampuni kubwa ya uwekezaji, imevutia wawekezaji kwa urahisi wa kusajili biashara kuliko majirani zake wenye kelele za siasa. Hoja hiyo haipaswi kubezwa. Udhaifu wake ni kwamba sera inayotegemea mtu mmoja hudumu kadiri anavyodumu yeye na mapenzi yake. Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, katiba haikubadilika, chama hakikubadilika, wala Bunge halikubadilika, lakini katika wiki chache tu mamlaka ya mapato iliagizwa na Rais Samia Suluhu Hassan iache kutumia nguvu na kufunga akaunti za walipakodi. Wafanyabiashara walipumua. Waliopumua, hata hivyo, walipaswa kujiuliza ni kinga gani waliyokuwa nayo siku moja kabla, na ni ipi waliyo nayo sasa, ikiwa agizo la mdomo ndilo lililowaumiza na agizo la mdomo ndilo lililowaponya.

Kinga hiyo haiwezi kujengwa mahali ambapo mpiga kura hajui nani anamlipia mgombea. Tanzania na Kenya zote mbili zimezitaka kampuni, tangu mwanzoni mwa muongo huu, zimsajili mmiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayefaidika na kampuni hata kama jina lake halimo katika hisa, na usajili huo hutunzwa na msajili wa kampuni kwa matumizi ya vyombo vya kodi na vya uchunguzi. Mwandishi wa habari wa Mtwara au mpiga kura wa Kisumu hawezi kulifungua daftari hilo. Hawezi kulinganisha jina la aliyepewa zabuni ya pembejeo na jina la aliyelipia magari ya kampeni, wala kujua kama msamaha wa kodi uliotangazwa katika gazeti la serikali umemfaidi mtu ambaye mbunge wa mpiga kura huyo ana deni kwake. Maadamu daftari hilo limefungwa kwa umma, na hesabu za kampeni haziwafikii wananchi, vikwazo vya sheria za gharama za uchaguzi vitaendelea kuwabana wagombea wasio na fedha kuliko wale walio nazo.